Esansi au ibridi? Jinsi ya kuchagua Corolla ya familia ukiwa Lubumbashi

Shemeji yangu anafanya kazi Kolwezi. Jumatatu alfajiri anapanda, Ijumaa jioni anarudi: kilomita 300 kwenda, 300 kurudi, wiki kwa wiki. Mimi sitoki mjini. Asubuhi napeleka watoto shule, napita soko la Mzee, naenda kazini upande wa Kampemba, jioni narudi Katuba, na katikati ya hayo yote nasimama kwenye ambuteyaje mpaka mguu wa freni unakufa ganzi. Tulipoanza kutafuta magari pamoja, kila mtu alimwambia yeye achukue ibridi "kwa sababu unatembea sana", na mimi wakaniambia esansi ya kawaida inanitosha. Tulipoketi na karatasi na kalamu, tukakuta mambo yamegeuzwa kichwa chini.

Nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua. Mfano wangu ni Toyota Corolla, kwa kuwa kila fundi wa mji huu anaijua na inapatikana kwa sura zote mbili. Kama macho yako yako kwenye Honda Civic au nyingine ya ukubwa huo, njia ni ileile, namba tu zitabadilika.

Hatua ya 1: Jua ibridi inaokoa esansi wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote: umeme ukikatika, nitachaji wapi? Hutachaji popote. Corolla ya ibridi ya kawaida haina waya wa prizi wala haina habari na SNEL, shirika la umeme. Ina moteri ya esansi, mota za umeme, na betri kubwa upande wa kiti cha nyuma. Betri hiyo inajazwa na moteri yenyewe, na inajazwa pia kila unapopunguza mwendo. Gari la kawaida ukilikanyagia freni, nguvu yake inageuka joto kwenye plaketi na kupotea hewani. Ibridi inageuza sehemu ya nguvu hiyo kuwa umeme, inauweka, halafu inautumia kuondokea tena polisi wa rulaje anapokupungia mkono.

Kwa hiyo chakula cha ibridi ni kusimama na kuondoka. Gari la esansi la lita 1.5 au 1.8 likisimama huku linaunguruma, klima imewashwa, linameza kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kusogea hata mita. Ibridi inazima moteri, na klima yake inaendelea kwa umeme wa betri. Lakini ukiwa barabara ya Likasi, mwendo 90, hukanyagi freni, hakuna cha kuvuna. Hapo moteri ya esansi ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Bado itakula kidogo kuliko mwenzake, maana imeundwa kwa kubana matumizi kuliko kwa nguvu, ila pengo linakuwa dogo.

Namba zinaonyesha hivyohivyo. Chukua Corolla ya 2020 ya soko la Marekani, moteri lita 1.8 kwa zote mbili, jinsi ilivyopimwa na EPA, shirika la mazingira la serikali ya kule. Nimegeuza maili na galoni kuwa lita kwa kilomita 100. Mjini: esansi lita 7.8, ibridi 4.4. Barabara kuu: esansi 6.2, ibridi 4.5. Angalia vizuri: ibridi inakula karibu sawa kila mahali, ni esansi ndiyo inayoteseka mjini. Pengo la mjini ni lita 3.4, la barabara kuu ni lita 1.7, nusu kamili.

Muuzaji wa Axio, yaani Corolla ya soko la Japani, atakuonyesha namba tamu zaidi. Corolla Axio ya ibridi ilipotoka 2013 iliandikwa kilomita 33 kwa lita. Ni kipimo cha Kijapani kilichoitwa JC08, cha upole sana, na Wajapani wenyewe wamekiacha wakachukua kingine. Hutaziona 33 hizo kwenye vumbi na mashimo ya Lubumbashi, wala usigombane na gari kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Pima barabara yako kabla ya kupima gari

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo inayoamua. Kwa wiki mbili, na gari ulilo nalo sasa au la kuazima, jaza tangi mpaka pompi ijizime yenyewe, andika kilomita. Tembea kama kawaida. Rudi kwenye pompi ileile, jaza tena mpaka ijizime, andika lita na kilomita. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Usifanye kipimo hiki na esansi ya kadhafi wa kando ya barabara. Bidoni la lita tano si lazima liwe na lita tano, na hesabu yako yote itapinda.

Andika pia kitu ambacho mita haisemi: katika kila kilomita kumi, ngapi ni za kusimama-simama na ngapi ni za kunyoosha. Mimi nilipata nane kwa mbili. Shemeji, moja kwa tisa. Jumla yangu, pamoja na mizunguko ya mke wangu na biashara yake, ilikuwa kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 18,720 kwa mwaka. Yake, kwa wiki 48, ilikuwa 28,800.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Ninahesabu kwa dola 1 kwa lita ili kichwa kisiume. Wewe zidisha kwa bei ya pompi yako siku hiyo.

Mimi, nikizichukua zote kama za mjini: kilomita 18,720 kwa pengo la lita 3.4 kila kilomita 100 ni lita 636 kwa mwaka. Shemeji, zote kama za barabara kuu: kilomita 28,800 kwa pengo la lita 1.7 ni lita 490. Ananizidi kilomita elfu kumi na bado ibridi ingemwokolea kidogo kuliko mimi.

Sasa upande wa gharama. Chukua magari mawili ya mwaka mmoja, hali moja, kilomita zinazokaribiana, uone ibridi imezidi bei kiasi gani baada ya dwani, si kabla. Ongeza akiba ya betri. Hapa wauzaji hawatakupenda, lakini gari lililotumika miaka tisa Japani linakuja na betri ya miaka tisa, kwa hiyo bei ya betri ni sehemu ya bei ya gari. Uliza garaje mbili bei ya betri nzima pamoja na kazi ya kuifunga, uandike.

Tuseme tofauti ya bei ni dola 2,000 na betri ni dola 1,200. Jumla 3,200. Mimi ningezirudisha kwa miaka mitano. Shemeji, sita na nusu. Mtu wa taksi anayetembea kilomita 150 kwa siku mjini, siku 300, anaokoa lita 1,530 na kurudisha pesa yake kwa miaka miwili na kidogo. Na mama mkwe wangu, anayetoa gari Jumapili kwenda misa na siku za matanga, kilomita 6,000 kwa mwaka? Miaka kumi na tano na zaidi. Kwake ibridi ni kununua jembe la kulimia sinia.

Ukipata zaidi ya miaka sita, chukua esansi ulale usingizi. Chini ya minne, ibridi. Kati ya hapo, acha hatua zinazofuata ziamue.

Kuna akiba ndogondogo za ibridi ambazo watu wanasahau. Plaketi za freni zinadumu muda mrefu kwa kuwa mota inapunguza mwendo kabla ya freni. Haina demarere, haina alternateri; kazi hizo zinafanywa na mota na vifaa vya umeme, na Axio ya ibridi haina hata mkanda wa kuzungusha pompi ya maji. Vitu vitatu ambavyo fundi wa mtaani anakula navyo kila mwaka havipo.

Hatua ya 4: Amua usukani na nguvu

Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Japani, Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto. Ndiyo maana gari linalotoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa linafika na usukani kulia. Mjini utazoea. Kwenye barabara ya Kolwezi, nyuma ya lori la shaba, ukitaka kupita huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iko upande wa pili, unabaki kumuuliza abiria, "Njia iko?" Kwa shemeji nilishikilia hapo: usukani kushoto kwanza, mambo ya esansi baadaye. Kabla ya kutuma hata dola moja, keti na deklara wako, anayekutolea gari dwani, akueleze sheria ya usukani, umri wa gari unaoruhusiwa, na malipo ya DGDA (watu wa dwani) na OCC (wakaguzi wa bidhaa) jinsi yalivyo mwezi huo, si jinsi yalivyokuwa jirani aliponunua.

Kwa nguvu, esansi inashinda kidogo. Corolla ya 2020 niliyoitaja ina farasi 139 kwa esansi na 121 kwa ibridi, moteri na mota zikijumlishwa. Axio ya lita 1.5: 109 kwa 100. Mjini ibridi inaondoka vizuri kwa sababu mota inasukuma papo hapo. Watu watano, mizigo, na lori mbele ya kilima: hapo utasikia moteri ikilia huku mwendo unapanda polepole.

Ndugu zetu wa Bukavu wataniambia kwao ni milima tu. Kupanda kunagharimu magari yote mawili, lakini kushuka kunamlisha ibridi. Betri ikijaa kabla hujafika chini, weka mkono wa gia kwenye B, moteri ikusaidie kuzuia, usizichome freni.

Hatua ya 5: Kagua gari, na kaa hapo muda mrefu

Kwa gari la esansi nitasema kwa ufupi. Fika asubuhi moteri ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana sababu. Sikiliza, tazama moshi, panda kilima. Kama ni otomatiki ya aina ya CVT, isiyo na gia za ngazi, hisi kama inatetemeka ikianza kuondoka, na uliza mafuta ya gia yalibadilishwa lini na yapi. CVT inataka mafuta yake maalumu; ukiitia ya otomatiki ya kawaida unaiua taratibu. Ukikutana na Corolla yenye moteri ya lita 1.2 turbo, mimi ningepita. Ni moteri nzuri kule ilikotoka, lakini turbo yenye kuingiza esansi moja kwa moja kwenye silinda si rafiki wa esansi yenye mashaka.

Kwa ibridi, toa saa nzima.

Anza na kiti cha nyuma. Tafuta tundu la hewa lenye wavu, pembeni au chini ya kiti. Kutoka hapo feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupoza betri. Ingiza kidole. Ukitoa vumbi jekundu na nywele, betri hiyo imekuwa ikipumua kwa shida. Mimi mwenyewe lilinipata, na la kwangu halikuwa hata vumbi: mwezi wa kumi, joto lenyewe la Lubumbashi, tunaenda matanga Likasi, shangazi kaketi nyuma na mfuko wake na vitenge vimefunika tundu lote. Katikati ya safari pembetatu nyekundu ikawaka. Tulisimama kivulini nusu saa, mfuko ukahamia miguuni, taa ikazima. Shangazi mpaka leo anasema ni gari linalochagua abiria.

Kisha washa. Haitaunguruma, itaandika READY, na hapo imewaka. Endesha dakika 30 au zaidi, si kuzunguka nyumba. Muuzaji mwenye hila anafuta makosa kwenye kompyuta asubuhi, na makosa yanahitaji muda na mzigo ili yarudi. Weka klima, panda, shuka, simama, ondoka kwa nguvu. Tazama alama ya betri kwenye dashibodi. Ikipanda na kushuka taratibu, sawa. Ikiruka kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha kwa dakika mbili tatu, na moteri inawaka kila mara hata umesimama, betri imechoka.

Halafu chomeka skana. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya simu inayosoma ibridi za Toyota vinatosha. Betri ya Axio ni vipande 20 vilivyofungwa pamoja, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Skana itakuonyesha volti za makundi yake. Usiangalie ukubwa, angalia tofauti kati ya kundi la juu na la chini wakati unaongeza mwendo kwa nguvu. Zikitembea pamoja, heri. Kundi moja likianguka zaidi ya volti 1 chini ya wenzake, ondoka, au punguza bei ya betri nzima kwenye bei ya gari. Kosa liitwalo P0A80 maana yake ni hiyohiyo kwa lugha ya kompyuta.

Muuzaji atakuambia, "Papa, tunabadilisha tu vipande viwili vilivyokufa." Inawezekana, na gari litatembea. Lakini kipande kipya kati ya vizee kumi na nane hakidumu navyo. Miezi michache, kingine kinaanguka. Ukikubali njia hiyo, ilipe kama kiraka. Na usidanganywe na habari ya dhamana ya miaka 10 kwa betri: Toyota inaitoa Marekani kwa magari ya kuanzia 2020, haipandi meli pamoja na gari.

Nikiingiza mkono kwenye lile tundu huwa nacheka peke yangu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, nyingi yake huku kwetu Kolwezi, na betri hizi zinatumia kidogo yake. Inapita Kasumbalesa ikienda kama udongo, inarudi Kasumbalesa inalipiwa dwani.

Mwisho wa ukaguzi, funua kapoti: angalia maji ya kupoza inverteri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota; yana chombo chake mbali na ya moteri. Yakiwa chini au machafu, uliza kwa nini. Nyaya za rangi ya machungwa usizishike wewe wala mtoto wa garaje anayetaka kukuonyesha ujuzi. Na inua kapeti: gari lililozama kwenye mafuriko lina harufu na kutu kwenye reli za viti, na ibridi iliyozama usiitake hata kwa zawadi.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya gari

Nenda garaje unayoifikiria ukiwa bado unatembea kwa miguu. Muulize fundi maswali mawili. La kwanza: kabla ya kugusa betri kubwa, unafanya nini? Anayeijua kazi atasema anazima gari, ufunguo anauweka mbali, anatoa plagi ya usalama, anavaa glavu za umeme, anasubiri dakika kumi. La pili: klima ya ibridi unaitia mafuta gani? Kompresa yake ni ya umeme wa volti kubwa, inataka mafuta yasiyopitisha umeme. Akijibu "yaleyale ya kila gari", mshukuru na uende. Mafuta ya kawaida yanaharibu kompresa na kuwasha makosa ya umeme ambayo hataweza kuyafuta.

Kama hukupata fundi hata mmoja anayejibu yote mawili katika mtaa unaoweza kufika, futa hesabu ya hatua ya 3 na uchukue esansi.

Hatua ya 7: Mambo ya kuzoea ukishachukua ibridi

Haisukumwi. Vijana wa Katuba watakuja kwa ukarimu wote, lakini gari hili halina namna ya kuwaka kwa kusukumwa. Mara nyingi kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12. Iamshe kwa waya kutoka gari lingine, nyekundu kwa nyekundu, na usikosee, kwa maana kosa hilo linaunguza vifaa vya bei kubwa.

Haivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Yakizunguka, mota inazalisha umeme hata gari limezimwa. Liinuliwe mbele au lipakiwe juu ya lori.

Usiliache liishiwe esansi ukidhani umeme utakufikisha nyumbani. Umeme utakupeleka mita mia chache, kisha umechosha betri kubwa ambayo huna pa kuichaji. Tangi la Axio ya ibridi ni lita 36 tu, dogo kuliko la mwenzake.

Safisha wavu wa feni kila mwanzo wa kiangazi, tena katikati yake ukikaa mtaa usio na lami. Na ukisafiri miezi miwili, mwachie mtu ufunguo: mara moja kila wiki aiwashe mpaka iandike READY, aiache nusu saa nje ya nyumba, klima ikiwa imezimwa. Mwambie kabisa kwamba kuwasha redio hakuhesabiki. Mdogo wangu alifanya hivyo wiki saba mfululizo, nikarudi nikakuta betri ndogo imekufa na yeye anajua nyimbo zote.